Kuku Niliyempeleka Malaba

Kuna Jumanne moja ninayoikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu, na ukimwambia mama yako nitakana. Siku hiyo nilikaa mlangoni tangu asubuhi, simu mkononi, nikingoja paka.

Usicheke bado. Ya kucheka yanakuja.

Nilikuwa na miaka arobaini na kitu, nikijihesabu kijana, na kwa mambo ya simu nilikuwa kijana kweli, mbichi kabisa. Unanijua mimi ni mtu wa nyumbani. Kutoka hapa kwetu hadi soko la Busia ni safari ninayoipanga tangu jana yake. Kwa hiyo nilipogundua kwamba mtu anaweza kununua kitu akiwa kwa kiti chake, na hicho kitu kikamfuata mpaka mlangoni, niliona Mungu hatimaye ametukumbuka sisi wavivu.

Wakati huo nyanya yako, mama yangu mzazi, alikuwa bado hai kule Butula, akiishi peke yake, macho yameanza kufifia. Alikuwa na paka mweusi mwenye utepe wa manyoya meupe shingoni, kama kola ya padre, na kwa ajili ya ule utepe alimwita Padre. Padre alilala kwa miguu yake miaka tisa. Alipokufa, mama hakulia. Aliendelea tu kumwekea maziwa kwenye kisahani kila jioni, na asubuhi anayamwaga. Halafu jirani yake akanipigia simu: "Mama yako siku hizi anamega ugali mara mbili tu, anasukuma sahani." Hapo nikaingiwa na hofu. Nikaona lazima nimpatie Padre mwingine, na upesi.

Nikamkuta kwenye kundi moja la mtandaoni la wafuga wanyama. Mtoto wa paka, mweusi, utepe mweupe shingoni. Muuzaji alikuwa binti wa Malaba anaitwa Amoit. Sikuuliza paka ana umri gani, ameachishwa kunyonya au bado, amechanjwa au la. Niliuliza swali moja tu: bei. Nikatuma pesa yote Jumatatu jioni, naye akaniandikia, "Kesho napakia kwa gari la vifurushi, mzee." Nikalala kama mtu aliyejenga hospitali.

Jumanne jioni, hakuna paka. Nikaandika. Akajibu: "Pole mzee, daktari wa mifugo hajafika. Sitaki kumsafirisha bila sindano." Jumatano, hakuna paka. Daktari ameitwa kwa ng'ombe wa mtu. Hapo damu ikapanda. Siku mbili, mwanangu! Mimi huyu, ambaye fundi wa choo chetu nilimngoja miezi minane nikimpikia chai kila akija kunipa sababu mpya. Lakini fundi nilimwona uso. Huyu wa simu sikumwona, na mtu usiyemwona ni rahisi sana kumfanya shetani.

Nikamwandikia maneno ambayo sitayarudia kwa sababu sitaki kuyaachia watoto. Akanijibu kwa upole ulioniudhi zaidi: "Mzee, pesa yako iko, sijaigusa. Ukitaka nirudishe, narudisha sasa hivi. Ukitaka paka, ngoja Ijumaa. Niambie moja tu, kwa sababu kuna mtu wa Funyula anamtaka huyohuyo."

Soma hiyo tena, mwanangu. Nilikuwa nimepewa njia mbili, zote safi. Unajua nilijibu nini? Sikujibu. Nilitaka paka, nilitaka pesa, na zaidi ya yote nilitaka kuwa mtu aliyeonewa. Nikachukua picha yake, nikaibandika kwenye lile kundi pamoja na jina lake na maneno makubwa: JIHADHARINI NA MWIZI WA MALABA. Watu wakanipongeza. Mmoja akaniita shujaa. Sijawahi kuitwa shujaa tena mpaka leo.

Halafu Alhamisi nikafanya lile la pili. Nikawapigia watu wa kampuni ya simu, sauti ya unyonge, nikawaambia nilikosea nambari nikatuma pesa kwa mtu nisiyemjua. Dada wa upande ule akanionea huruma. Ijumaa asubuhi pesa yangu ikarudi yote. Nikacheka peke yangu hapa sebuleni.

Ijumaa hiyohiyo, kabla ya saa sita, dereva wa gari la vifurushi akanipigia. "Mzee, njoo stejini uchukue katoni yako. Inalia."

Amoit alikuwa amechukua kimya changu kama cha mtu anayengoja. Alikuwa amemleta daktari, amelipa usafiri, amemwandikia paka jina langu juu ya katoni, akaipakia alfajiri kabla hajaona tangazo langu wala pesa kuondoka. Na mimi nilikuwa na paka mkono huu, pesa mkono huu. Unadhani niliona aibu? La. Nilipanda gari la Butula nikipiga mluzi.

Mama alimpokea paka kwa mikono miwili. Akampapasa kichwa, akashuka shingoni, akamsogeza karibu na macho mpaka pua zao zikagusana. Akauona ule utepe. Nikamwona akitabasamu, mwanangu, tabasamu ambalo nilikuwa nimelisahau. Paka akapanda miguuni pake akajikunja palepale, kama aliyeagizwa.

"Ametoka wapi?" akauliza.

"Malaba, mama. Kwa binti mmoja."

"Na kuku ulimpelekea?"

Nikacheka. Kwetu, hata wewe umesikia, anayechukua paka kwa mtu huacha kuku pale alipomtoa, ndipo paka akae. Nikamwambia, "Mama, siku hizi hakuna kuku. Siku hizi ni simu."

"Haya. Kwa simu ulimpa nini?"

Mwanangu, ndipo nilipohesabu kwa mara ya kwanza. Sikuwa nimetoa kitu. Hata shilingi. Mwizi wa Malaba alikuwa amekaa kwa kigoda cha mama yake huko Butula.

Mama hakuwa na macho mazuri, lakini kunisoma mimi hakuhitaji macho. Akanitoa maneno moja moja mpaka yakaisha: lile tangazo, ule uongo wa nambari, yote. Hakupaza sauti. Alimwinua paka kutoka miguuni pake, taratibu, akamrudisha kwenye katoni, akafunga mifuniko. Paka akaanza kulia. Mama akaangalia ukutani.

"Mpeleke kwao," akasema. "Mimi na uzee huu sitalaliwa na kitu cha kuiba."

"Mama, si nitatuma tu pesa hata sasa..."

"Ulimtukana kwa simu. Utamwomba msamaha kwa miguu." Akainama chini ya kitanda, akatoa kuku wake mmoja wa kutaga, akamfunga miguu, akanipa. Alipogeuka kwenda jikoni nilimwona akijifuta uso na kanga.

Basi Jumamosi mtu wa nyumbani nikafika Malaba, katoni inayolia kushoto, kuku anayelalamika kulia, nikipita kando ya foleni ya malori huku madereva wakiniuliza kama nahama. Amoit nilimkuta kwa kibanda chake cha kushona nguo, paka mkubwa mweusi amelala juu ya vitambaa. Alikuwa msichana mdogo tu, futi ya kupimia shingoni.

"Ni mimi," nikasema. "Yule wa paka."

Akanitazama toka viatuni. "Yule shujaa?"

Hakuna kejeli inayouma kama hiyo. Nikamweleza. Nikamtumia pesa yote palepale, na ya usafiri juu. Nikamkabidhi kuku wa mama. Akamshika, akampima uzito kwa mkono, akasema, "Sasa mzee, mimi nina paka sita ndani, hii kuku nitaificha wapi?" Tukacheka wote, kisha akamweka kuku chini. "Watu wawili wameacha kununua kwangu kwa sababu ya maneno yako. Nami nilikosa, nilikuahidi Jumanne kabla ya kumuuliza daktari. Lakini mwizi si mimi. Andika palepale ulipoandika."

Nikaandika nimesimama, yeye akisoma kwa bega langu. "Weka jina lako kamili," akasema. "Langu uliliweka."

Nililiweka. Kisha akafungua katoni, akamkuna paka, akanirudishia pamoja na kadi ya chanjo. "Haya, sasa ni wenu."

Jioni hiyo mama alimpokea mara ya pili. "Huyu bado mdogo kuwa Padre," akasema. "Ni Katekista." Na usiku ule alimaliza ugali.

Mwanangu, najua na wewe uko mbioni kununua mbwa wa mtandaoni, ndiyo maana nakusumbua. Kabla ya kutuma pesa, uliza hata maswali ya kijinga. Omba video ya leo, umri, kadi ya daktari, na siku ya kupakia ambayo yeye mwenyewe ana hakika nayo. Ukiweza, lipa nusu, na nusu mnyama akiwa mikononi. Akichelewa, kumbuka ni kiumbe kinachopumua, si kiatu. Chagua moja, kungoja au kurudishiwa, ulitaje wazi, kisha umpe mwenzako nafasi ya kutimiza. Akikudhulumu kweli, una jumbe zenu, zipeleke panapohusika. Lakini usiseme uongo ili upate haki, maana nilijaribu, na nilichopata ni katoni inayolia.

Mungu akupe wauzaji wenye subira kuliko baba yako. Akupe mbwa atakayekujua kwa harufu na kukupenda hivyohivyo. Na siku utakapokosea, kwa sababu utakosea, wewe ni damu yangu, akupe mtu anayekupenda kiasi cha kukufungia katoni mbele ya macho yako, na kuku wa kwenda naye.