Siku Nilipomfufua Baba Mkwe kwa Kipaza Sauti

Mpaka leo nikienda Makote kwa wakwe zangu napita njia ya nyuma ya ghala la korosho, najikwaza kwenye mchanga na pikipiki inanizimikia, kwa sababu kwenye njia kubwa kuna kijiwe cha bodaboda na vijana wa pale wakiniona wananisalimia kwa heshima zote, shikamoo mwalimu, halafu mmoja anauliza taratibu, leo umekuja kumfufua nani. Naitika marahaba, naongeza mwendo. Siwezi hata kukasirika, maana hawajanisingizia.

Mimi ni mwalimu wa sekondari Masasi, kwetu Singida, na mke wangu Yasinta, Mama Neema, ni binti wa Makote kule Newala. Sasa mwaka ule shuleni nilikuwa na ubishi na mwenzangu Elisante, mwalimu wa hesabu, Mpare wa Same, Msabato, wale wanaosali Jumamosi. Ubishi wenyewe ulikuwa juu ya wafu. Elisante alishika kwamba mtu akifa amelala, hajui mvua wala jua, mpaka siku ya mwisho parapanda ilie ndipo ainuke na mwili wake. Mimi (Mkatoliki niliyekuwa nasinzia kwenye mafundisho, niseme ukweli) nilikuwa nimemsikia mhubiri mmoja kwenye simu akisema hakuna cha kusubiri, mtu akikata roho papo hapo anapewa mwili mpya, ufufuo wake umekwisha siku hiyohiyo. Sikuwa na uhakika sana na maneno yale, lakini nilipoona yanamkera Elisante nikayapenda. Tukabishana kwenye chai, tukabishana kwenye kusimamia mtihani, mwalimu mkuu akatuambia tukabishanie nje. Nikawa silali vizuri, natunga hoja. Mama Neema akaniuliza kama nina deni la mtu.

Katikati ya hayo baba mkwe, Mzee Lukasi, akafariki. Hakuugua sana, kifua tu, akalazwa Newala na asubuhi yake tukapigiwa simu. Alikuwa mtu mpole ambaye tangu nimwoe binti yake hakuwahi kuniuliza kabila langu linakula nini, na nilimpenda. Lakini akili ya binadamu ni kitu cha ajabu. Tukiwa njiani tunapandisha mlima kwenda Newala, mke wangu analia dirishani, mimi moyoni nilikuwa bado najibizana na Elisante.

Na Elisante mwenyewe akaja msibani. Walimu walichanga wakaja na gari la shule, naye akashuka na shati lake jeupe, akanipa pole kwa mikono miwili, akaenda kukaa mstari wa mbele chini ya turubai.

Jeneza lilikuwa limewekwa pale mbele kwenye meza, limefunikwa kitambaa cheupe. Mama mkwe, ambaye watu wanamwita Mama Yasinta, alikuwa ndani na akina mama, kwenye mkeka. Nje watu walikuwa wengi na jua kali, harufu ya mabibo ya korosho yaliyooza inatoka mashambani, na mimi siwezi kukaa, nakaa nasimama, nakwenda kuangalia maji, narudi, nafungua kifungo cha shati, nakifunga. Tulikuwa tunamsubiri katekista Damiani aje aongoze mazishi kwa kuwa padre alikuwa safarini, na katekista akapiga simu kwamba pikipiki imepata pancha, anaisukuma.

Hapo ndipo Mzee Stani, mdogo wa marehemu na ndiye aliyekuwa msimamizi wa shughuli, akanifuata.

"Mkwe, wewe mtu wa shule," akasema. "Chukua hicho kipaza sauti uwasomee watu hata mistari miwili, wasije wakaanza kuondoka."

Akanipa Biblia, ukurasa kaufungua yeye mwenyewe. Ningesoma nikakaa, habari ingeishia hapo. Nilisoma, nikasoma vizuri tu, halafu nikainua macho nikamwona Elisante amekunja mikono anaitikia kwa kichwa polepole kama mtu anayekubaliana na kila kitu, nikaona ananidhihaki (baadaye aliniapia kwamba alikuwa anasikitika tu), na nikaamua kuongeza neno. Neno moja.

"Ndugu zangu," nikasema, "wapo wanaowafundisha watu kwamba mzee wetu sasa amelala, anasubiri. Mimi nawaambia mzee wetu hayumo humu. Mzee Lukasi ameshafufuka. Amefufuka jana asubuhi, na mwili wake mpya, mzima, hana kifua wala homa."

Sasa mjue kwamba kile kipaza sauti kilikuwa cha kukodi, spika yake ile ya tarumbeta ilikuwa imefungwa juu ya mkorosho ikaelekezwa barabarani, na waya wake ulikuwa umelegea, linasikika neno linapotea neno. Wa chini ya turubai walinisikia vizuri, wakaanza kutazamana. Wa nyuma waliokuwa wamesimama walisikia, "Mzee Lukasi... amefufuka... jana asubuhi... mzima." Na barabarani, nilivyokuja kuambiwa, walisikia "amefufuka" na "mzima" tu.

Kwanza nikaona watu wa nyuma wanasogea mbele. Nikadhani wamevutiwa na mahubiri, nikanyoosha mgongo. Halafu nikasikia pikipiki zinawashwa kule kijiweni, moja, nyingine, na badala ya kwenda zinakuja. Mwanamke mmoja aliyekuwa anapita na ndoo ya maji kichwani aliitua, akavua ndala akaziweka pembeni, akaja peku kama anaingia mahali patakatifu. Vijana wakatoa simu wakaziinua juu. Mke wangu akatokea mlangoni, macho mekundu, simu sikioni, akanitazama kama hanijui.

"Baba Neema," akasema, "shangazi yuko Newala sokoni anauliza kama ni kweli baba ameamka."

Sikupata nafasi ya kumjibu, kwa sababu nyuma yake alitoka mama mkwe.

Ninyi mnaojua heshima ya mkwe na mkwe kule mtanielewa. Huyu ni mama ambaye tangu nimeoa alikuwa akinisalimu ametazama pembeni. Siku ile alitoka mbio, kanga imemvuka bega, miguu peku, akina mama wawili wanamshika wanashindwa, akapita katikati ya viti vya plastiki akiviangusha, mpaka kwenye jeneza. Akaweka viganja vyote viwili juu ya kifuniko. Akainama akaweka na sikio.

"Lukasi," akasema. "Lukasi, nipo."

 Kisha akainuka, akamwambia Mzee Stani kwa sauti ya kawaida, kama anayeagiza chumvi, "Leteni bisibisi mfungue. Mwalimu amesema ni mzima. Hewa humo haitoshi."

 Mzee Stani alinitazama mimi. Na waombolezaji wote, na bodaboda, na zile simu juu, wakanitazama mimi. Jasho lilinitoka mpaka kipaza sauti kikawa kinateleza. Nilitaka ardhi ile nyekundu ipasuke niingie kabla ya mzee. Nikasogea nikapiga magoti karibu na mama mkwe, nikasema kwa sauti ya chini niliyodhani ni ya siri:

"Mama, hajaamka. Nisamehe. Nilisema vibaya. Nilikuwa nashindana na Elisante."

Kumbe sikuwa nimezima. Na safari hii waya ule ulishika vizuri, haukupoteza hata silabi. "Nilikuwa nashindana na Elisante" ilikwenda mpaka barabarani, ikavuka, ikaenda mashambani. Mtu mmoja huko nyuma akauliza, Elisante ndiye nani. Mwingine akacheka, akajizuia, na kicheko cha kujizuia msibani mnakijua kinavyoambukiza. Elisante akaficha uso kwenye magoti. Mke wangu akaja, akakichukua kipaza sauti mkononi mwangu, akakizima, akamshika mama yake.

Mama mkwe hakulia. Alibaki ameshika lile jeneza, akawa anakipapasa tu kitambaa, anakinyoosha mikunjo.

Katekista Damiani akafika wakati huo, jasho tupu, anasukuma pikipiki, akakuta pikipiki nyingine zimejaa uwanja na watu wengine wamepiga magoti. Mzee Stani akamvuta pembeni akamweleza. Damiani ni mtu wa makamo, mkulima wa korosho, hana haraka. Alikunywa maji kwanza. Kisha akachukua kipaza sauti, akaomba watu wakae, akasema kwamba roho ya Lukasi iko mikononi mwa Mungu tangu alipokata roho, lakini mwili huu tunaukabidhi udongo mpaka siku ya mwisho, ambayo haijafika, na wakati wa mitume walikuwapo waliosema ufufuo umekwisha kupita, nao waliwavuruga watu imani. Hakunitazama aliposema hivyo. Hicho ndicho kilichoniuma zaidi.

Tukazika. Nilishika jembe nikafukia kama kibarua, nisimpe mtu zamu, mpaka Mzee Stani akaninyang'anya.

Jioni, kabla walimu hawajaondoka, Elisante akaja akakaa karibu nami nyuma ya jiko. Nilisubiri anicheke. Alichosema ni kwamba angepewa yeye kipaza sauti angewaambia wafiwa kwamba mzee hajui lolote, na mama yule angekwenda kulala na neno hilo. "Afadhali nilinyamaza," akasema, "na sikunyamaza kwa hekima, ni kwa sababu hawakunipa." Tangu siku ile hatujabishana tena.

Halafu nikaitwa ndani. Mama mkwe alikuwa kwenye mkeka, ameegemea ukuta, akawaomba akina mama watupishe kidogo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Nikakaa mlangoni, chini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Baba Neema." Akaivuta kanga begani. "Usidhani mimi sina akili. Macho yake nimeyafumba mimi, kwa mkono huu. Mwili nimeuosha mimi. Nilijua."

"Ndiyo, mama."

"Damiani anasema siku ya mwisho. Nakubali, ndivyo nilivyofundishwa tangu mdogo. Lakini siku ya mwisho ni mbali, na mimi ni mtu mzima. Wewe ukasema jana. Watu wote wale, wewe peke yako ndiye uliyesema ni karibu. Nikasema, hata kama ni uongo, ngoja nikaangalie."

Nilishindwa kumtazama.

"Ila usirudie," akasema. "Mwenye kufiwa akisikia kitu kama hicho, anakwenda. Hata wewe ungekwenda."

Tangu hapo kwenye msiba nikipewa Biblia nasoma pale nilipoonyeshwa, naifunga, narudi kwenye kiti. Na mtu akiniuliza wafu wanafufuka lini, iwe shuleni au wapi, namwambia kanisa limenifundisha siku ya mwisho, lakini siku yenyewe siijui. Juzi Neema kaniuliza kuhusu babu yake. Nikamjibu hivyohivyo. Akaniambia, basi baba, tukae tumsubiri, na akavuta kigoda.