Mfumbati Ulioliwa na Dumuzi

Kila nikiona unga mweupe chini ya fanicha, nauchota na kuusugua kwa vidole. Ukiwa laini kama poda ya mtoto, huyo ni dumuzi. Ukikwaruza kama chenga za mahindi, ni mdudu mwingine. Mchwa haachi unga. Yeye hujenga njia zake za udongo ukutani kana kwamba nyumba ni ya baba yake. Elimu hii sikuipata shuleni. Niliipata Old Kampala, mwaka niliokaribia kuolewa.

Mama alikuwa na angareb, kitanda cha kamba cha sisi Wanubi, cha mbao ya mvule. Aliketi juu yake siku alipoolewa, na mimi nilitakiwa niketi hapo hapo siku yangu ya hina. Vita vilipotukimbiza hadi Sudan alikiacha kwa jirani yetu, fundi seremala Mkenya, mtu wa kanisa. Tuliporudi baada ya vita, nyumba haikuwa na hata mlango, lakini kitanda kilikuwepo kwa fundi. Mama alisimulia uaminifu wa yule fundi kwa kila mgeni, mpaka tukachoka kuusikia.

Kisha unga ukaanza kumwagika. Mama akaamua ni mchwa, akatia matendegu yote manne ndani ya makopo ya mafuta ya taa. Nyumba ikanuka kama gereji, na kila asubuhi unga uko palepale. Nililia kwa hasira. Niliona harusi yangu inaliwa huku naitazama. Mama akatuma aitwe fundi, na yeye, aliyezoea kuja kabla chai haijapoa, safari hii alikawia siku tatu.

Alipokuja nilikuwa nimeketi mkekani, binti yake akinisuka nywele. Fundi akapiga magoti, akasugua unga, akatuonyesha matundu ya duara, madogo kama ya sindano. Yote yalikuwa kwenye mfumbati mmoja, ule mti mrefu wa ubavuni. Mfumbati wa pili haukuwa na tundu hata moja. Mdomo wangu haujui kungoja: nikauliza dumuzi gani huyu anayechagua upande. Akajibu kwamba dumuzi hali moyo wa mvule, hula mbao changa nyeupe. Akatoa patasi, akakwangua. Chini ya rangi ya viatu, mbao ilikuwa nyeupe.

"Mama, hii si ile ya kwako," akasema, bado amepiga magoti. "Ile nilichoma. Vita iko nje, kuni hakuna, mke yangu nazaa. Nilitaka maji ya moto."

Nikasubiri moto uwake. Namjua mama, hasira zangu nimezirithi kwake. Aliugusa ule weupe kwa kidole, akauliza:

"Mtoto alipona?"

"Ndiye huyo nasuka binti yako."

Vidole vikasimama kichwani mwangu.

Mama akaenda jikoni akaleta chai. Akamwambia fundi achonge mfumbati mwingine, wa mvule, na asiupake kitu. Siku ya hina nilikataa kuketi mpaka yule binti aje akae pembeni yangu, upande mpya. Mama alikuwa mlangoni akiwapokea wageni, akiwasimulia uaminifu wa fundi, na hakupunguza hata neno moja.