Karatasi ya Alhamisi

Fundi wa tovuti wa kliniki ya macho alikulia chini ya meza ya cherehani. Mama yake, mshonaji, hakukata kitambaa cha mtu kabla ya kukata karatasi. Na hata karatasi ikiwa tayari, mteja akirudi alimpima tena. "Mtu hunenepa, mwanangu," alizoea kusema. "Karatasi hainenepi."

Basi alipopata kazi, fundi aliipa maneno ya nyumbani. Nakala ya majaribio, iliyokaa kwenye kompyuta yake, aliiita karatasi. Tovuti yenyewe, ile wagonjwa waliyoifungua kwenye simu zao kuomba siku ya kutibiwa, ndiyo kitambaa. Kila badiliko lilianzia kwenye karatasi. Na kabla ya kulipeleka kwenye kitambaa, sharti achukue kwanza majina mapya ya wagonjwa, ayaingize kwenye karatasi, ndipo avipandishe vyote pamoja. Kwa miaka sita hakukosea. Wenzake walimwita Pima-Tena, na jina likamkaa kama koti.

Jumatatu ile aliiruka hatua hiyo. Si kwamba alisahau. Hilo ndilo lililomuuma baadaye. Alikumbuka, akatazama saa, akajiambia kwamba tangu Alhamisi hapajabadilika jambo la maana. Akaibandika karatasi ya Alhamisi juu ya kitambaa cha Jumatatu. Ukurasa ukapendeza, herufi kubwa kwa macho hafifu. Akaenda kuchemsha chai.

Saa nne mwanamke mmoja alifika mapokezi akimshika mkono baba mkwe wake. Chumba cha fundi kilitengwa na mapokezi kwa ubao mwembamba tu, kwa hiyo alisikia kila neno.

"Tulijiandikisha Jumamosi, dada. Mzee ana mtoto wa jicho."

"Jina halimo, mama," alijibu dada wa mapokezi. "Na nafasi ya saa nne imeshachukuliwa asubuhi hii. Labda hukubonyeza mpaka mwisho."

"Nilibonyeza, na ujumbe ukaja. Huu hapa."

Mzee akacheka kidogo. "Nilidhani asiyeona ni mimi peke yangu."

Msimamizi alitoka ofisini kwake. Alisoma ujumbe kwenye simu, kisha akaitazama orodha. "Dada, hapa mapokezi nani mwingine anafuta majina?"

"Ni mimi tu. Lakini sikufuta."

"Majina hayana miguu. Kesho asubuhi niletee maelezo kwa maandishi."

Nyuma ya ubao, vidole vya fundi vilisimama juu ya vitufe vya kompyuta. Alikuwa ameshaelewa. Wote waliojiandikisha tangu Alhamisi jioni, amewafunika yeye kwa mkono wake. Kutoka kitini mpaka mlangoni ni hatua nne. Alizihesabu. Akamsikia mzee akiuliza kizingiti kiko wapi, akasikia fimbo yake ikishuka ngazi, naye bado amekaa, na chai inapoa.

Jioni mama yake alimsimamisha ampime shati.

"Shusha mabega. Mtu aliyejikunyata hapimiki."

"Mama, leo nimekata bila kupima."

Mama akatoa pini midomoni. "Kitambaa cha nani?"

"Cha watu kumi na tisa. Nimetafuta kwenye jumbe tulizowatumia, namba zao zote nimezipata. Hao watarudi. Lakini lawama nimemwachia dada wa mapokezi."

"Kwa hiyo umeshona kila mahali isipokuwa palipochanika," alisema mama, akakunja utepe wake. Shati hakulipima tena.

Asubuhi fundi alifika kabla ya barua ya maelezo ya dada. Dada wa mapokezi alipoingia kwa msimamizi na karatasi yake iliyokunjwa mara mbili, alimkuta fundi amesimama mbele ya meza.

"Majina niliyafuta mimi," alisema fundi. "Na jana, ulipomuuliza dada, nilikuwa nasikia."

Msimamizi aliipokea barua ya dada. Akamrudishia bila kuifungua, akamwambia fundi, "Sasa utaandika wewe. Lakini kwanza wapigie wagonjwa."

Mapokezini dada aliketi, akaanza kupanga kadi. Fundi alisimama kando na orodha yake.

"Dada, nisamehe."

"Ubao ule hausitiri kitu," alisema bila kuinua macho. "Jana nilisikia vidole vyako vikinyamaza. Nikasema moyoni, huyo anakuja. Nikangoja."

Fundi aliiweka orodha yake mezani. Dada akamsogezea simu ya mezani.

"Anza na yule mzee."

Akabonyeza namba. Iliita mara tatu, kisha ikapokelewa na sauti ya jana, ile iliyocheka.

"Hallo. Nani mwenzangu?"

"Ni fundi wa tovuti ya kliniki, mzee," alianza fundi. Upande wa pili wa meza, kadi zilikuwa zimeacha kupangwa.