Kiti cha Karibu na Mlango

Mama Viti alikuwa anaonja viti kama mpishi anavyoonja mchuzi. Kabla wageni hawajaingia ukumbini, yeye alikuwa amekwisha kukalia kila kiti, kimoja baada ya kingine, akijifanya ndiye mgeni mwenyewe. Akikalia cha mjomba mzito wa masikio, anatega sikio kwenye spika. Akikalia cha wifi mwenye maneno mengi, anageuka kuhakikisha kwamba yule hasimu wake, ambaye hawapikiki chungu kimoja, yuko mbali vya kutosha. Mimi ni mshereheshaji, kazi yangu ni maiki na mdomo, yake kupanga ukumbi, na tumefanya harusi nyingi pamoja. Nilikuwa namtania, "Mama Viti, kile cha pembeni kimenuna, hujakikalia!" Naye hujibu bila kugeuka, "Wewe endelea na kelele zako. Mtu akikaa vibaya hata maneno yako matamu yatamkera."

Kiti kimoja tu ndicho ambacho hakukionja kamwe. Kila harusi alikiweka mwenyewe karibu na mlango, kikitazama meza kuu. Wenye harusi wakiuliza, anasema ni cha mgeni wa ghafla. Sisi tunaofanya naye kazi tulijua. Mwanawe wa kwanza aliaga asubuhi moja kwamba anakwenda kutafuta kazi, na tangu hapo hajulikani aliko. Hakuna simu, hakuna salamu, hakuna kaburi. Alikuwa kijana mrefu mwenye haya, na kama angerudi, angepita nyuma ya watu na kukaa pale pale. Kiti kile kilikuwa kinanitisha. Katikati ya vigelegele nilikwepa kutazama upande ule, nisije nikakuta mtu.

Basi ikafika zamu ya binti yake kuolewa. Ukumbi ukawa ule ule tuliouzoea, na mama aliupanga mwenyewe. Asubuhi tukiwa tunajaribu spika, binti akaingia na nywele zimesukwa nusu, akasimama mbele ya kile kiti.

"Mama, hiki leo kitoke."

"Hakimsumbui mtu, mwanangu."

"Kinanisumbua mimi. Siku niliyomaliza shule ulikuwa unaangalia mlango. Siku niliyomleta mchumba wangu nyumbani ulikuwa unaangalia mlango. Leo niangalie mimi, mama. Siku moja tu."

Nikajifanya nashughulika na nyaya. Mama Viti akakibeba kiti mwenyewe hadi stoo. Alirudi mikono mitupu, na mikono yenyewe hakujua aiweke wapi.

Jioni ukumbi ukajaa pomoni. Ndugu wa bwana harusi walikuja na ndugu zao, nao hao wakaja na majirani zao, viti vikaisha, watu wakasimama ukutani wamebanana. Lakini pale karibu na mlango pakabaki wazi, upana wa kiti kimoja. Hakuna aliyeambiwa asisimame pale. Shangazi mmoja alisimama kidogo, kisha akasogea pembeni huku akijifunika mabega kwa mtandio wake, na joto lilikuwa la kutosha mle ndani. Pengo lile lilikuwa baya kuliko kiti. Kiti ungeweza kusema ni kiti tu.

Mama Viti alitimiza ombi lile. Alikaa meza ya wazazi, macho kwa binti yake, shingo imekakamaa, hakugeuka hata mara moja. Ila mlango kila ulipolia, mabega yalimshtuka. Nami nikiwa naropoka vichekesho vyangu nikaona jambo lililonikata maini: aliyekuwa anaangalia mlango ni bibi harusi.

Nilipompa maiki amshukuru mama yake, alianza vizuri, kisha macho yakamkimbilia mlangoni, akaiacha sentensi katikati. Akanirudishia maiki na kuninong'oneza, "Kaka, naomba ukakilete kile kiti."

Nilikimbia stoo, nikakibeba bila kukitazama. Nikakirudisha mahali pake. Bibi harusi akashuka jukwaani, akakusanya gauni lake mkononi, akapita katikati ya meza zote hadi mlangoni, akakikalia. Alikaa kama mama yake anavyokaa, mgongo wima, mikono mapajani, akitazama kile ambacho mgeni angekiona.

"Mama!" akaita toka kule, bila maiki. "Nimekionja. Ukikaa hapa unaona meza zote. Anakuona vizuri."

Mama Viti akasimama. Ndipo alipojiruhusu kuangalia mlango. Machozi yalikuwa yanamtiririka, naye akainua mkono akaupunga taratibu. Alipunga juu zaidi ya kichwa cha binti yake, kando kidogo, pale ambapo mtu mrefu angekuwa amesimama.