Mafuta ya Kairu

Ngendo alikuwa amekamua ng'ombe kwa miaka ishirini na miwili katika shamba lao dogo nje ya Kiganjo, Nyeri, lakini hakuwahi kuwa na ng'ombe kama Kairu. Wengine wote aliowahi kuwafuga walikuwa wa lita nane, lita kumi kwa siku; sasa alibaki na Kairu peke yake. Kairu alizaliwa hapo nyumbani, kwa mbegu ya dume ambayo mumewe, Gatimu, alikwenda kuichagua mwenyewe mwaka mmoja kabla ya kiharusi kumwangusha. Ilikuwa kazi kubwa ya mwisho aliyoifanya akisimama kwa miguu yake mwenyewe.

Kairu alipozaa mara ya pili, mwezi wa tatu, alitoa lita ishirini na nane kwa siku. Ngendo alikisogeza kiti cha Gatimu hadi karibu na zizi ili aone ndoo zikijaa. Gatimu, ambaye ulimi wake ulikuwa mzito tangu augue, alicheka kwa upande mmoja wa uso.

Wiki ya tatu baada ya kuzaa mbavu zikaanza kuonekana. Mifupa ya nyonga ikachomoza. Maziwa hayakupungua hata kidogo. Mwili ndio uliokuwa ukiisha.

Siku hizo kulikuwa na semina ya wafugaji katika ukumbi wa kanisa. Mwalimu alieleza jambo lile lile ambalo Ngendo alikuwa akiliona kila asubuhi: ng'ombe aliyezaa juzi hutoa maziwa mengi kuliko chakula anachoweza kula kuyafidia, kwa hiyo huanza kuchoma mafuta ya mwili wake mwenyewe. "Ng'ombe kama huyu anaweza kuongezewa mafuta kwa chakula," alisema. Ngendo akatazama saa. Ilikuwa inakaribia saa saba, na Gatimu alikuwa peke yake, hajala, hajageuzwa ubavu. Akainuka, akatoka polepole ili asisumbue watu. Yaliyofuata hakuyasikia.

Binti yao Nyawira alikuwa na kibanda cha chipsi Kerugoya. Ngendo alimpigia simu jioni hiyo hiyo.

"Hayo mafuta unamwaga ukimaliza kukaanga, usimwage. Nitumie."

"Ya nini, mami?"

"Ya Kairu. Amekonda."

Nyawira alituma mtungi wa lita ishirini. Ngendo alianza na kikombe kimoja juu ya chakula cha dukani, na Kairu akalamba hadi chini ya ndoo. Akaongeza kikombe cha pili, kisha cha tatu. Siku ya nne Kairu hakumaliza majani. Siku ya sita hakuyagusa kabisa, na kinyesi chake kilikuwa chepesi, kinang'aa. Alisimama kichwa chini, bila kucheua.

Ngendo aliona jambo moja tu: ng'ombe amezidi kukonda. Akajaza chupa mafuta, akamshika pua, akammiminia mdomoni. Kairu alimwamini, hakurusha teke. Ngendo alifanya hivyo siku tatu.

Siku ya kumi Kairu alilala na hakuinuka. Ndipo Ngendo alipomwita Oloo, daktari wa mifugo aliyekuwa ametumwa huko kutoka Siaya na kuzoea baridi ya Nyeri kwa shida. Oloo alipiga magoti, akanusa pumzi ya ng'ombe. Ilikuwa tamu, kama matunda yaliyooza. Akamsikiliza tumboni kwa muda mrefu.

"Mama, tumbo halitembei. Amekuwa akikula nini?"

Ngendo akamwonyesha mtungi. Ulikuwa umebaki robo.

Oloo aliutazama, kisha akamtazama yeye. "Ulimpea haya yote?"

"Walisema anataka mafuta, daktari. Kwa semina."

"Kuna mafuta ya ng'ombe, mama. Ni ya unga, imetengenezwa ipite tumbo la kwanza bila kusumbua, na ni kiasi kidogo tu. Haya ya kukaangia yakiwa mengi yanaua vile vijidudu vya kusaga majani. Akikosa kusaga majani, hawezi kula. Asipokula, anazidi kujichoma mwenyewe, mpaka ini linashindwa." Alisema kwa upole, na upole huo ulimuumiza Ngendo kuliko kama angemgombeza.

"Mimi nilikuwa naona ni njaa," Ngendo alisema.

"Ilikuwa njaa. Ungeniita mapema tungejaribu."

Oloo alimwekea Kairu maji ya sukari kwenye mshipa, akarudi kesho yake na kumwekea tena. Ngendo alikaa karibu naye kwenye majani makavu, akimsugua miguu, akimwita kwa jina. Alhamisi, kama saa tisa mchana, Kairu alinyoosha shingo, na ikawa basi.

Nyawira alipiga simu baada ya Kairu kuzikwa kwenye shimo nyuma ya migomba.

"Pole, mami. Oloo alisema ni nini?"

"Homa ya maziwa," Ngendo akasema, ingawa Oloo hakuwa ameitaja.

"Na yale mafuta yalimsaidia hata kidogo?"

Ngendo alishika simu kwa mikono miwili. "Yalimsaidia."

"Basi nitakuwa nakuwekea. Ukipata ng'ombe mwingine."

"Sawa," akasema.

Ndani ya nyumba, Gatimu alikuwa ameelekeza uso ukutani. Siku Oloo alipoeleza, kiti chake kilikuwa pale pale karibu na zizi. Alisikia kila neno. Ngendo aliketi kando yake, akangoja lawama. Angependa amlaumu, hata kwa ulimi ule mzito, ili apate kujibu kitu. Gatimu hakusema neno, siku hiyo wala zilizofuata. Alikula alicholishwa, akageuzwa alipogeuzwa.

Ndama wa Kairu alichukuliwa na jirani, kwa sababu hapakuwa na maziwa ya kumlea. Mvua zilipokuja majani ya napia ya kulishia ng'ombe yalirefuka hadi juu ya ua. Hakuna aliyeyakata.