Povu la Mama Mdogo

Mama mdogo hakuwahi kuona haya kwamba kazi yake maabara ni kuosha vyupa. Mwenye haya alikuwa Mama yangu, dada yake, aliyemtambulisha kwa wageni kama "yule wa vyupa" kisha akabadilisha mazungumzo. Hilo lilinikera tangu utotoni. Mama mdogo alikuwa amefua nguo za watu miaka kumi na miwili kabla ya hapo, na sabuni aliijua kuliko wengi wenye vyeti.

Maabara ilikuwa ikikuza bakteria wa udongoni ndani ya pipa la chuma, ili maji yao yapuliziwe mimea yenye ukungu. Kwa kubembelezwa sana na mdogo wake, Mama alikubali watu wa maabara wajaribie kwenye nyanya zake. Dawa haikufua dafu. Ukungu wa kijivu uliendelea kula maua na matunda, na Mama akawaka.

"Nawapa wiki mbili, baada ya hapo nang'oa zote! Na wewe rudi kwenye vyupa vyako."

Maneno yale yalimchoma Mama mdogo. Kesho yake, akisugua sinki la maabara, aliona ajabu. Ukingo wake ulikuwa mweusi kwa ukungu tangu aajiriwe, ila sasa upande mmoja ulikuwa safi, pale walipozoea kumwaga povu la pipa. Povu hilo lilikuwa likifurika hadi sakafuni, basi mtaalamu mkuu wa maabara akaamuru liondolewe kama uchafu.

Akamfuata ofisini. "Daktari, samahani. Ukungu wa sinki umekufa pale linapomwagwa povu. Mnamwaga sabuni, mnabaki na maji."

Mtaalamu alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Dawa wanayoitoa bakteria wale ina upande unaopenda maji na upande unaopenda mafuta, kama sabuni, kwa hiyo hukimbilia kwenye povu. Ule wa mafuta hujichomeka kwenye utando wa seli ya ukungu, utando ukatoboka, na uhai wote ukavuja.

"Aibu hii ni yangu," akasema.

Wakakusanya povu, likatulia likawa maji, wakapulizia upya.

Siku ya mwisho Mama alifika na jembe. Matunda yaliyooza hayakufufuka, lakini maua mapya yalikuwa safi na vitunda vimeshika. Alipita mstari hadi mstari. Jirani akachungulia uani.

"Dawa hii umeitoa wapi?"

"Kaigundua mdogo wangu," Mama akasema. "Huyu hapa. Anafanya kazi maabara."

Mama mdogo akaweka ndoo chini, akalia.