Mikro ya Bure Sokoni Kapata

Cheka ukitaka, lakini mimi ndiye niliyekuwa pale, na sauti hii unayoisikia nusura iwe ya mwingine.

Kazi yangu ni kusoma matangazo: ya maduka, ya kanisa, na yale ya kuwaonya wachimbaji wasiingie mashimoni wakati wa mvua. Mikro yangu ya kurekodia sauti ilikufa. Niliyoazima ilinasa kila kitu, malori ya mgodi yanayopita Kingamyambo, jenereta, hata kuku wa jirani. Aliyekuwa akinipa kazi akaniambia akisikia tena kuku, atatafuta msomaji mwingine.

Basi alasiri moja nikaenda sokoni Kapata. Nyuma ya wauza simu alikaa mwanaume mmoja mwenye suti na viatu vinavyong'aa. Katika vumbi lile, niambie, nani ana viatu vinavyong'aa? Mbele yake mikro moja tu, mpya.

"Ni bei gani, tata?"

"Mi sitaki makuta yako, mama. Vaa kaske, sema jina yako yote."

Nikaziweka kaske masikioni. Niamini, kimya kile sijawahi kukisikia Kolwezi. Soko lote lilizimika. Nikaanza, "Mi ni..." Yule mtu akacheka, na kicheko kikatoka kwa sauti ya Mama Georgette, mwimbishaji wa kwaya yetu, ambaye tangu Pasaka ananong'ona tu na madaktari hawaoni ugonjwa.

"Malizia, mama," akasema, kwa sauti ile ile ya kike.

Nilitupa kaske nikakimbia, jina langu bado sijalitaja. Nyumbani nikafungua mdomo nimweleze mume wangu: hewa tupu! Nililia bila sauti, yeye akaomba mpaka akasinzia kitini.

Asubuhi nikakohoa. "Maji," nikasema.

"Umesema!" Akaruka. "Sema tena!"

Maji, maji, maji! Tulicheka kama wendawazimu.

Mkwaruzo kidogo umebaki kooni, wateja wanaupenda. Natumia mikro ya kawaida ya waimbaji, ya bei ndogo, kutoka duka la mtu ninayemfahamu. Ukiisogeza karibu inanasa mdomo tu, makelele inayaacha nje. Mama Georgette nilimsimulia. Alinishika mkono, akanong'ona, "Mi nilimalizia."

Wewe unayetafuta mikro, ya bei ndogo nunua, ya bure iache. Na ukipewa ya kujaribu, hesabu moja, mbili, tatu. Jina lako usilitaje.